Kilichofichwa si kilichopotea: kutoka disketi ya mwaka 1989 hadi fulashi za Epulu

Epulu, wilaya ya Mambasa – Kila mwaka, wanafunzi wanapokaribia kumaliza masomo, jambo lilelile hurudi kwenye barabara ya taifa namba 4. Mwanafunzi anatoka nyumbani na fulashi mfukoni, anapanda pikipiki mpaka Mambasa, au anaendelea mpaka Bunia, zaidi ya kilomita 200, ili kazi yake ya mwisho wa masomo, ile inayoitwa TFC, ikachapishwe kwenye sekretaria. Fulashi inachomekwa kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mpita njia. Ikifunguliwa, folda hazipo. Pahali pake kuna vialama vidogo vyenye mshale, na kila kimoja kikibonyezwa, hakifungui kitu.

Mwenye mashine anatikisa kichwa na kusema: "Fulashi yako imeingiwa na virusi. Hapa ni kuformati tu." Mwanafunzi anakubali kwa sababu hajui njia nyingine. Kazi ya miezi mingi inafutwa kwa dakika moja.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba, mara nyingi, kazi ile ilikuwa bado imo ndani ya fulashi. Virusi haikuifuta. Iliificha tu. Aliyeifuta ni mtu, kwa hofu na kwa haraka.

Ujanja huo wa kuficha mali ya mtu ili aamini kwamba imepotea si mpya. Una zaidi ya miaka 30. Historia yake inapita Kinshasa, Nairobi, Amsterdam na London, na inawagusa watu waliokuwa wakipambana na ugonjwa wa Ukimwi. Anayeijua historia hiyo hatakuwa na haraka ya kuformati.

Disketi iliyokuja kwa posta

Katika miaka ya 1980, Ukimwi ulikuwa ugonjwa mpya na watu walikuwa na njaa ya habari. Zaire ilikuwa mojawapo ya nchi za kwanza kuuchunguza kwa bidii. Mwaka 1984, Projet SIDA ilianzishwa Kinshasa, kwenye hospitali ya Mama Yemo, na madaktari wa Zaire walifanya kazi pamoja na wenzao wa Marekani na Ubelgiji. Daktari Jonathan Mann, aliyeiongoza miaka ya mwanzo, alikwenda baadaye Geneva kuanzisha mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na Ukimwi. Mwaka 1988, wataalamu wa dunia nzima walikutana Stockholm, Sweden, kwenye mkutano mkubwa wa kimataifa juu ya ugonjwa huo.

Mwezi wa 12 mwaka 1989, watu wengi waliohudhuria mkutano ule, pamoja na wasomaji wa gazeti moja la kompyuta la Uingereza, walipokea bahasha kwa posta. Ndani yake kulikuwa na disketi yenye jina la "AIDS Information". Disketi kama 20,000 zilitumwa kutoka London kwenda nchi nyingi. Barua iliyoambatana nazo ilisema kwamba programu hiyo itamsaidia mtu kupima hatari yake ya kuambukizwa.

Programu ilifanya kweli ilichoahidi. Iliuliza maswali juu ya maisha ya mtu, kisha ikatoa majibu na mashauri. Mtu aliridhika, akazima kompyuta, akaendelea na kazi zake. Hakuona ubaya wowote siku hiyo, wala juma lililofuata.

Lakini nyuma ya maswali yale, programu ilikuwa imebadilisha faili moja ambalo kompyuta hulisoma kila inapowashwa. Tangu hapo ilianza kuhesabu. Kila mashine ilipowashwa, hesabu ilipanda kwa moja. Ilipofika kama mara 90, programu ilificha folda na kubadilisha majina ya mafaili yote yakawa herufi zisizosomeka. Kwenye kioo lilitokea tangazo: muda wa kukodi programu umekwisha, lipa. Bei ilikuwa dola 189 kwa matumizi 365, au dola 378 kwa maisha yote ya diski ya mashine. Malipo yatumwe kwenye sanduku la posta huko Panama, kwa kampuni iitwayo PC Cyborg Corporation.

Karatasi iliyokuja na disketi, kwa maandishi madogo sana, ilikuwa imeonya kwamba asiyelipa, kompyuta yake itaacha kufanya kazi sawasawa. Wachache sana waliisoma.

Huo ndio mfano wa kwanza unaojulikana wa programu ya kudai fidia. Watu wa Ituri wanajua maana ya fidia kwa njia nyingine, iliyo nzito zaidi. Lakini hesabu ya mtekaji ni ileile: chukua kitu ambacho mwenyewe hawezi kuishi bila hicho, kisha mwuzie kilicho chake.

Hofu ilifanya kazi kuliko programu

Wataalamu walipoifungua programu ile na kuichunguza, waliona jambo la kushangaza. Maandishi yaliyokuwa ndani ya mafaili hayakuguswa. Kilichobadilishwa ni majina tu, na folda zilifichwa zisionekane. Ni kama mtu aliyeingia ghalani usiku, akabandua alama zote kwenye magunia na kufunika mlango kwa mkeka. Mahindi yote yapo, lakini mwenye ghala akiamka anaona ukuta.

Kwa bahati mbaya, wenye maghala wengi hawakungoja wataalamu. Waliogopa wakafuta diski zao zote ili kuanza upya. Iliripotiwa kwamba shirika moja la Italia lililoshughulikia Ukimwi lilipoteza kazi ya miaka 10. Wengine walifuta kila kitu mara tu waliposikia habari, kabla hesabu ya mashine zao haijafika mwisho. Kwa hiyo sehemu ya hasara ile haikuletwa na mwenye disketi. Ililetwa na haraka.

Waliolengwa walikuwa watu wa afya, waliokuwa na majina ya wagonjwa, majibu ya damu na hesabu za miaka. Karatasi ya namna hiyo ikipotea, mgonjwa haanzi tena kuumwa toka mwanzo ili daktari aandike upya.

Mtu aliyetoka Nairobi

Mwezi huohuo wa 12, mwanaume mmoja Mmarekani alikuwa akirudi nyumbani kutoka Nairobi, ambako alihudhuria mkutano juu ya Ukimwi. Alipofika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, alionekana amechanganyikiwa. Aliandika kwenye mzigo wa abiria mwingine maneno ya kusema kwamba Daktari Popp ametiwa sumu. Polisi walipopekua mzigo wake, walikuta vitu vyenye jina la PC Cyborg Corporation.

Huyo alikuwa Joseph Popp, msomi wa biolojia aliyehitimu Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuwa mtu wa kompyuta kwa kazi yake. Alikuwa amekaa Kenya akichunguza maisha ya nyani, na alijulikana miongoni mwa watu wa afya wa Afrika Mashariki.

Aliachwa aendelee na safari hadi Marekani, lakini mwanzoni mwa mwaka 1990 FBI ilimkamata katika jimbo la Ohio, kwa ombi la polisi wa London. Alipelekwa Uingereza, akashtakiwa kwa kudai mali kwa vitisho. Wakati ule Uingereza haikuwa na sheria ya makosa ya kompyuta. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka huohuo wa 1990, baada ya disketi kusambaa. Kwa hiyo ilibidi ashtakiwe kwa sheria ya wezi wa kawaida.

Kesi haikumalizika. Popp alionyesha vituko vingi. Magazeti yaliandika kwamba alivaa boksi la karatasi kichwani na kutia vibana nywele kwenye ndevu, akidai anajikinga na mionzi. Mwaka 1991 hakimu aliamua kwamba akili yake haimruhusu kusimama mbele ya mahakama, akarudishwa Marekani. Kwa nini alifanya vile, majibu ni mawili. Mawakili wake walisema alitaka feza zile zisaidie utafiti wa Ukimwi. Magazeti yalisema alikuwa na hasira kwa sababu alinyimwa kazi kwenye Shirika la Afya Duniani. Popp aliendelea na maisha yake katika jimbo la New York, ambako jina lake lilipewa bustani ya vipepeo, akafariki katikati ya miaka ya 2000.

Waliofuta mafaili yao hawakulipwa kitu.

Dawa iliyogawiwa bure

Katika habari hii kuna mtu mwingine ambaye jina lake halisikiki sana: Jim Bates, Mwingereza aliyekuwa fundi wa programu. Alikaa na disketi ile, akaifungua kipande kwa kipande, akaona kwamba herufi za majina zilibadilishwa kwa orodha moja isiyobadilika: herufi hii inakuwa ile, ile inakuwa hii. Orodha yenyewe ilikuwa imo ndani ya programu. Yaani mwizi alifunga mlango, kisha akasahau ufunguo chini ya mkeka.

Mwanzoni mwa mwaka 1990, Bates alichapisha uchunguzi wake na kuandika programu mbili. Moja, AIDSOUT, iliondoa programu mbaya. Nyingine, CLEARAID, ilirudisha majina ya mafaili. Zote mbili ziligawiwa bure. Aliyengoja majuma machache bila kufuta kitu alirudishiwa kazi yake yote, bila kutuma dola hata moja Panama.

Tangu mwaka ule kanuni za kurudisha mashine iliyoambukizwa hazijabadilika: usilipe kwa haraka, usifute kwa hofu, tambua kwanza ni ugonjwa gani, kisha tafuta kama kuna mtu aliyekwisha kutengeneza dawa.

Wezi nao walikwenda shule

Si haki kumwambia msomaji kwamba kila kilichofungwa kitafunguka. Mwaka 1996, watafiti wawili wa Marekani, Adam Young na Moti Yung, walichunguza kosa la Popp na kuonya kwamba mwizi mwerevu zaidi hatauacha ufunguo ndani ya nyumba. Walieleza njia ya funguo mbili. Mtu anayeuza kufuli za kubana anaweza kuzigawa kila pahali zikiwa wazi. Yeyote anaweza kuibana kufuli ikajifunga, lakini ufunguo wa kuifungua unabaki kwa muuzaji peke yake. Programu ya namna hiyo hubeba kufuli tu. Hata ukiichunguza mwaka mzima, ufunguo hauumo.

Onyo lao lilitimia. Mwaka 2013 ilitokea CryptoLocker, iliyofunga maandishi yenyewe wala si majina tu, na kudai malipo kwa bitkoini, ambayo haihitaji sanduku la posta. Mwaka 2014 polisi wa nchi mbalimbali waliivunja mitambo yake, na makampuni mawili ya usalama yakawagawia watu funguo bure. Tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka 2017, WannaCry ilienea kwa siku moja. Iliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, ikafunga mashine za hospitali Uingereza na kudai dola 300 kwa kila mashine. Kijana mmoja wa Uingereza, Marcus Hutchins, aliizuia alipogundua kwamba programu ile ilikuwa ikitafuta anwani fulani kwenye intaneti. Aliinunua anwani hiyo kwa dola chache, na mbio zikasimama. Lakini mashine zilizokuwa zimekwisha kufungwa zilibaki zimefungwa. WannaCry ilipita kwenye kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imeiziba miezi miwili kabla. Wengi hawakuwa wameweka marekebisho hayo.

Afrika Mashariki haikubaki nje. Mwezi wa 4 mwaka 2023, Naivas, mojawapo ya maduka makubwa ya Kenya, ilitangaza kwamba imeshambuliwa na watu wa kudai fidia.

Jambo jema ni kwamba kazi ya Jim Bates nayo ilipata warithi. Mwezi wa 7 mwaka 2016, polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya usalama walianzisha No More Ransom, pahali kwenye intaneti ambapo mtu aliyefungiwa mafaili anaweza kupeleka mfano wa faili moja na kuulizia kama ufunguo wake umepatikana. Ukiwepo, hupewa bure. Usipokuwepo leo, unaweza kupatikana mwaka kesho. Ndiyo sababu wataalamu husema: hata ukikosa dawa, hifadhi mafaili yaliyofungwa, usiyatupe.

Virusi haihitaji mtandao

Watu wengi wa vijijini hudhani kwamba pahali pasipo na mtandao wa nguvu ni salama. Historia inasema kinyume. Virusi ya kwanza kuenea kwenye kompyuta za IBM, iliyoitwa Brain, ilitengenezwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan. Ilizunguka dunia kwa disketi tu, mkono kwa mkono, wakati watu wa kawaida hawakuwa na intaneti. Mwishoni mwa mwaka 2008, Conficker ilirudia njia ileile. Pamoja na kupita mtandaoni, iliruka toka fulashi moja hadi nyingine, kwa sababu Windows ya wakati ule ilifungua yenyewe kilichomo kwenye fulashi mara ikichomekwa. Microsoft iliizima tabia hiyo kwenye mashine za zamani mwezi wa 2 mwaka 2011.

Pahali ambapo umeme ni wa jua, mega zinanunuliwa kwa kupimwa, na kompyuta moja inatumiwa na watu wengi, antivirusi hukaa muda mrefu bila kupata marekebisho. Fulashi inayotoka Mambasa kwenda Epulu, halafu Nia-Nia, halafu kurudi, ni kama pikipiki isiyosimama kwenye kizuizi chochote.

Ile virusi ya vialama vyenye mshale hufanya alichofanya Popp: inazipa folda za mtu alama ya "fichwa", kisha inaweka pahali pake vialama vya uongo. Anayebonyeza kialama anaiamsha virusi, na inaingia kwenye kompyuta. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake habonyezi kitu. Kwanza anaisafisha kompyuta yenyewe, la sivyo fulashi itaambukizwa tena mara ikitibiwa. Kisha anaifungua fulashi kwenye mashine safi, au kwenye kompyuta ya Linux, ambayo virusi za Windows kwa kawaida haziwezi kuiamsha. Pale huchagua kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Kwenye Windows kuna amri ya tangu wakati wa disketi, inayoandikwa hivi kama fulashi ina herufi F:

attrib -s -h -r /s /d F:\*.*

Amri hiyo haifuti kitu. Inaondoa tu alama ya kuficha. Folda za kweli zikionekana, mtu ananakili maandishi, picha na mahesabu yake peke yake. Haruhusu faili lolote la programu lisilojulikana lipite. Akishahakikisha kwamba nakala zinafunguka, hapo ndipo fulashi inaweza kuformatiwa. Kuformati ni hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Kompyuta ya nyumbani iliyoambukizwa sana hufuata mpango huohuo. Itolewe kwenye mtandao. Isichomekwe fulashi nyingine ovyo. Kazi za mtu zitolewe na kuwekwa pembeni. Halafu Windows au mfumo mwingine uwekwe upya kutoka chanzo safi, si kutoka sidii ya magendo ambayo mara nyingine ndiyo iliyoleta ugonjwa. Mafaili yarudishwe baada ya kupimwa na antivirusi mpya.

Akaunti nazo zinaibwa

Kusafisha kompyuta ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ilianza kuonekana wazi tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2000, watu walipofungua barua pepe iliyosema "Nakupenda" kwa Kiingereza. Virusi ile ya ILOVEYOU ilitoka Manila, Ufilipino, na kwa muda wa siku chache iliingia kwenye mamilioni ya mashine. Mwenye kuitengeneza, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi. Miaka karibu 20 baadaye alikiri kwamba alitaka tu kuiba maneno ya siri ya watu ili apate intaneti bila kulipa. Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshtaki, kwa hiyo aliachiliwa. Sheria ilitungwa mwezi uliofuata.

Tangu hapo programu nyingi mbaya hazifungi kitu wala hazitoi tangazo. Zinakaa kimya, zinasoma maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, na kuyatuma kwa mwizi. Mtu anashtuka pale rafiki anapopiga simu: "Ndugu, mbona unaniomba feza kwa WhatsApp?"

Katika hali hiyo, utaratibu una maana kubwa. Anayebadilisha neno la siri kwenye kompyuta ambayo bado ni mgonjwa anampa mwizi neno jipya. Kwa hiyo kifaa safi ni cha kwanza: simu au kompyuta ya mtu mwingine anayeaminiwa. Barua pepe ni ya pili, kwa sababu anayeshika barua pepe anaweza kuomba neno jipya la karibu kila akaunti nyingine. Neno jipya likishawekwa, vifaa vyote vilivyokuwa ndani ya akaunti vitolewe, kwani mwizi aliyekwisha kuingia anaweza kubaki ndani hata baada ya ufunguo kubadilishwa. Ichunguzwe pia kama nambari ya simu au barua pepe ya kujirudishia akaunti bado ni ya mwenyewe. Kisha zifuate Facebook na akaunti nyingine, kila moja na neno lake.

Kwa WhatsApp, mwenye laini anaweza kujiandikisha upya kwenye simu yake, akapokea tarakimu 6 kwa ujumbe, na mwizi anatolewa. Tarakimu hizo haziombwi na mtu yeyote wa haki. Anayeziomba, hata akiongea kwa sauti ya shemeji au ya mchungaji, huyo ndiye mwizi, au naye amekwisha kuibiwa. Tangu mwaka 2017 WhatsApp inamruhusu kila mtu kuweka namba ya siri ya pili. Dakika mbili za kuiweka zinazuia mambo mengi. Mwenye feza kwenye simu abadilishe namba ya siri ya akaunti hiyo na kuijulisha kampuni yake, tena jamaa na wateja waambiwe kwa sauti, si kwa ujumbe, kwamba wasitume kitu.

Nchini Kongo sasa kuna sheria. Sheria ya mambo ya dijitali, namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inataja makosa ya kuingia kwenye mashine na akaunti za wengine. Tanzania ilipata yake mwaka 2015, Kenya mwaka 2018. Mwenye kuibiwa anaweza kushtaki, na picha za ujumbe wa mwizi, nambari zilizotumiwa na saa ya tukio ni ushahidi. Hizo pia zisifutwe kwa hasira.

Nakala ya pili

Epulu inajua maana ya kupoteza kwa usiku mmoja. Tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 2012, Mai-Mai Simba wa Morgan waliingia kwenye kituo cha Hifadhi ya Okapi. Watu waliuawa, wakiwemo walinzi wa ICCN, majengo yaliporwa na kuchomwa, na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale walikufa. Hakuna fundi wa kurudisha vile. Anayeikumbuka siku ile hahitaji kufundishwa kwa nini kitu cha thamani hakiwekwi pahali pamoja.

Lakini karatasi ya kompyuta ina neema ambayo binadamu na mnyama hawana: inaweza kuishi pahali pawili kwa wakati mmoja. TFC moja iliyoandikwa kwa Word haijazi hata mega 5. Mwanafunzi anaweza kujitumia mwenyewe kwa barua pepe kila Jumamosi akiwa pahali penye mtandao, kwa mega za bei ya kikombe cha chai. Mwalimu anaweza kuweka pointi za wanafunzi kwenye fulashi ya pili isiyosafiri, inayokaa nyumbani ndani ya sanduku. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuwa na fulashi mbili, moja ya kazini na moja kwa daktari mkuu. Ushirika unaweza kuchapisha hesabu za mwezi na kuzihifadhi kwenye karatasi, ambayo haishiki virusi.

Wale wa mwaka 1989 waliokuwa na nakala ya pili waliisoma habari ya disketi gazetini tu. Waliokosa nakala lakini wakangoja, walipata dawa bure. Waliofuta kwa hofu ndio waliopoteza. Kwa hiyo mwanafunzi atakayesimama kesho kwenye sekretaria ya Mambasa, na kuambiwa kwamba fulashi yake ni ya kuformati, ana haki ya kuichomoa, kuirudisha mfukoni, na kwenda kutafuta fundi mwingine.